Mume wangu asema makumbusho na maigizo ni ya wasio na kazi

Assalamu alaikum, Somo.

Nakuandikia kutoka Langoni, hapa hapa Lamu mjini. Nina watoto watatu, nashona kofia za mkono, na mume wangu ni fundi wa mashua. Kazi yake iko Matondoni na nyumbani hurudi Alhamisi jioni. Ni mtu mwema, mcha Mungu, wala hajatunyima kitu hata siku moja. Nataka ulijue hilo mapema, usije ukadhani naishi na mtu mbaya.

Mambo yalianza pale shule ya mwanangu mdogo ilipotafuta wazazi wa kusindikiza watoto makumbusho. Lile jumba la pwani nimelipita maisha yangu yote nikienda gatini, na sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Siku hiyo nikaingia. Watoto walimaliza upesi wakaanza kusumbua kutaka kwenda kucheza. Mimi nilikuwa nimeganda mbele ya siwa mbili, yale mabaragumu makubwa ya kale, ile ya shaba ya hapa Lamu na ile ya pembe za ndovu iliyotoka Pate. Nyanya yangu alikuwa akitusimulia habari za siwa tulipokuwa wadogo, nami nikizihesabu pamoja na hadithi za majini na sungura. Kumbe kitu kipo, kina nakshi ndogo ndogo mwili mzima, na kinanipita kwa urefu. Sikujua nicheke au nilie.

Tangu hapo nikiuza kofia mbili tatu, na kazi za nyumbani zimekwisha, huenda. Siku nyingine ngomeni, siku nyingine ile nyumba ya kale ya Kiswahili kule juu. Pale kwenye nyumba nilikaa mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikanakili maua ya chokaa kwa penseli, kisha nikayatia kwenye kofia. Kofia ile iliuzwa kabla sijaimaliza.

Halafu nikaenda Mombasa kumuuguza dada yangu, na alipopata nafuu binamu yetu akatupeleka kutazama mchezo wa kuigiza wa Kiswahili. Ulikuwa mchezo wa wajane wawili wanaogombea kiwanja. Taa zikazimwa, mwanamke mmoja akabaki kwenye mwanga, akatukodolea macho bila kusema neno. Watu wote kimya. Nilihisi ananitazama mimi. Mpaka mwisho nilikuwa nimelowesha mtandio wangu kwa machozi, na nilipotoka nje nilijisikia mwepesi, sijui hata nikueleze vipi.

Niliporudi nikamhadithia mume wangu kwa furaha. Akasema, "Watu wazima wanalipa pesa wakadanganywe?" Na kuhusu makumbusho neno lake ni moja: "Vinu na vyungu vimejaa kwa mama, nenda katazame huko, bure." Mavyaa naye kaambiwa na jirani kwamba nashinda na watalii. Sasa nikijifunga buibui tu, naulizwa kulikoni.

Yote hayo ningeyameza. Lakini binti yetu yuko kidato cha tatu, na mwalimu kamchagua kuigiza katika tamthilia ya shule, ya mashindano ya maigizo. Ni mtoto wa haya, asiyepaza sauti hata akiitwa. Siku hizi namsikia chumbani akisema maneno ya mchezo kwa sauti iliyojaa. Baba yake kakata shauri: "Mwanangu hasimami jukwaani." Mtoto hali vizuri tangu siku hiyo.

Somo, je, mimi ndiye niliyeleta haya nyumbani? Niache? Na kuna jambo jingine naona haya kuliuliza: mimi sikusoma sana. Wenzangu mle makumbusho husimama, husoma, hutikisa vichwa. Mimi hutazama tu. Huenda hata hicho ninachofurahia sikielewi.

Mshona kofia, Langoni

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Hujakosa. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona barua yako nzima imeandikwa kwa kuomba radhi, na hakuna wa kuombwa. Umeona kazi nzuri ya mikono ya watu, ikakugusa. Umeona kisa kikichezwa vizuri, ukalia. Mungu ndiye aliyekupa jicho na moyo wa namna hiyo, na mtu hapewi vitu hivyo ili avifunike.

Nianze na neno la mumeo kuhusu vinu na vyungu, maana lina ukweli ndani yake na tukilipuuza hatutafika. Ni kweli vitu vile vilitoka katika nyumba zetu. Lakini kinu kikiwa jikoni kwa mavyaa wako, unakitwangia. Hukioni. Una mchele mbele yako, una mtoto mgongoni, una adhana ya adhuhuri inayokukimbiza. Makumbusho ni mahali unapoondolewa mchele na haraka, ukaachwa na kitu peke yake. Hapo ndipo unapoona kumbe fundi aliyekichonga aliweka mstari pale asipolazimika kuuweka. Alitaka tu kiwe kizuri.

Chukua ile nyumba ya Kiswahili uliyonakili maua yake, nyumba ya karne ya 18. Watu huingia wakatazama vitanda na zidaka, wakatoka. Nenda msalani, mwanangu, usione haya. Kuna birika la maji. Wazee wetu walikuwa wakifuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajenga bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kupumulia. Mtu alikaa akafikiria hali ya samaki wa msalani! Mimi nilipoelezwa hilo nilikuwa mtu mzima na wajukuu, na niliona fahari niliyokuwa sijawahi kuiona, kwamba natoka kwa watu wenye fikra kama hizo. Siwezi kukubali kuwa huo ni upuuzi wa wasio na kazi.

Na hiyo ngome unayoingia na kutoka leo! Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, lakini sisi wa umri wangu tuliijua kwa jambo moja tu: ilikuwa jela, mpaka 1984. Tukipita uwanja wa Mkunguni utotoni tulikuwa tukishikana mikono na kuharakisha. Leo mtoto wako anaweza kuingia akapanda mpaka juu akautazama mji. Unapoingia pale kwa miguu yako na kutoka utakapo, wengine wetu tunaliona ni jambo kubwa.

Kuhusu watalii, sikiliza. Mji wetu uliandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na wageni wanakuja, karibu yao. Ila mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako na uingie kama mwenye nyumba. Anayesema umeshinda na watalii mwambie aje naye, kuna nafasi. Na nitasema jambo linaloniuma. Vitu vyetu havikosi wa kuvitazama. Kule Malindi na bara yake, vigango vya Wagiriama, yale magogo ya nakshi wanayosimamishiwa wazee waliofariki, viling'olewa usiku na kuuzwa, vikaishia Ulaya na Marekani. Baadhi vimerudishwa, vingi bado. Aliyeviiba alijua thamani yake. Walioviona kila siku kijijini ndio walioambiwa kuwa ni miti tu. Kwa hiyo mshona kofia wa Langoni anaposimama mbele ya siwa asiweze kuondoka, mimi nafurahi sana, na ningependa wawe wengi.

Sasa mumeo. Hapa nakuomba usilete hoja hata moja. Umeolewa naye miaka mingi, unajua akibishiwa hukaza kamba. Tena mimi siamini kwamba hapendi sanaa. Niambie, mashindano ya majahazi yakifika, yuko wapi? Si yuko ukingoni, jua la utosi, anamlaumu nahodha aliyechelewa kugeuza tanga? Wakati wa Maulidi vijana wakipiga twari barabarani, hupita tu? Kirumbizi kikichezwa harusini, hajui nani kacheza bakora vizuri na nani kajipigia ovyo? Mtu mwenye jicho hilo ana kila kinachohitajika. Hajaonyeshwa tu kitu chake.

Na kitu chake kipo. Katika makumbusho ya pwani kuna mifano ya vyombo vya baharini vya kale, na miongoni mwake ni mtepe. Mwambie hivi, na useme kweli kwa sababu hulijui: "Baba Fulani, kile chombo hakina msumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba ya kumbi la nazi. Mimi ni mshonaji lakini sielewi zimeshikaje. Jumamosi nipitishe unieleze." Basi. Usiongeze.

Niliwahi kumwona fundi mmoja mzee mbele ya mtepe ule na mjukuu wake. Kainama, mikono nyuma, midomo inachezacheza kama anayehesabu mishono. Mjukuu akauliza, "Babu, maji hayaingii?" Mzee akasema yanaingia sana, ndiyo maana palikuwa na mtu kazi yake ni kufua maji safari nzima. Kisha akamweleza kwa nini ushone chombo badala ya kukipigilia: kikipanda mwamba, mishono hulegea kidogo, chombo kikainama bila kupasuka. Akamwonyesha omo, mbele ya chombo, iliyochongwa mfano wa kichwa cha ngamia, akasema wazee waliifanya hivyo kwa kumkumbuka ngamia wa Mtume. Akaeleza tanga la miaa. Watu wawili watatu tukawa tumesogea kusikiliza. Alikuwa anang'aa, mzee yule. Hakuna aliyemwambia kwamba wakati huo anafurahia makumbusho.

Mumeo akikataa kwenda mara ya kwanza, nyamaza, muulize tena baada ya mwezi.

Mavyaa ni rahisi zaidi, ingawa najua wewe huoni hivyo. Anakuuliza kulikoni kwa sababu hajawahi kualikwa. Mpeleke nyumba ya Kiswahili, mwende polepole, zile ngazi si za magoti ya wazee. Mkifika usimfundishe kitu. Muulize yeye: bi harusi alikaa wapi? Zidakani mlipanga nini, na nani aliruhusiwa kuvigusa? Utasikia mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kibao chochote. Naweka dau kwamba jirani atakayepeleka maneno baada ya siku hiyo atajibiwa na mavyaa mwenyewe.

Uliniuliza kama unachofurahia unakielewa. Mwanangu, mtu aliyetazama ua la chokaa mpaka akaweza kulihamishia kwenye kofia kwa sindano kalielewa kuliko wote waliosoma kibao na kupita. Usiwaonee wivu wanaotikisa vichwa. Ila nikupe ninavyofanya mimi. Siingii vyumba vyote. Nachagua kitu kimoja, nakizunguka, nakitafutia swali. Ile siwa, kwa mfano: tafuta tundu la kupulizia. Halipo mwishoni kama tarumbeta, lipo ubavuni. Ukishaliona, jiulize mpulizaji aliishikaje, uzito ule, mbele ya watu wote, siku ya harusi ya wakubwa, na pumzi aliitoa wapi. Ukitoka na hilo moja inatosha. Usipopata jibu muulize mhudumu, wengi wao ni watu wa hapa hapa na hupenda kuulizwa.

Na ukienda tena kutazama mchezo, jaribu kumtazama yule asiyesema. Mmoja anapoongea, wote humkodolea macho yeye, lakini kazi kubwa mara nyingi iko kwa anayesikiliza: anavyokunja pindo la leso, anavyokataa kuinua uso. Yule mjane wako aliyesimama kimya alikushika kwa sababu hiyo. Mumeo anasema mnalipa mkadanganywe. Mimi naona kinyume. Wale wanawake wawili si wajane na kiwanja hakipo, lakini ugomvi wa kiwanja baina ya ndugu nani wetu haujui? Pale uliweza kuulilia bila kumwaibisha jamaa yako yeyote, ndiyo maana ukatoka mwepesi.

Nimebakiza la binti, na hili ndilo zito.

Usilichanganye na la makumbusho. Ukimwambia baba yake, "Unamkataza kama unavyonikataza mimi," atakuwa na watu wawili wa kushindana nao, na mtoto atalipia ugomvi wenu. Hili lisimame peke yake.

"Mwanangu hasimami jukwaani" si sababu. Ni mlango uliofungwa, na nyuma yake kuna hofu yenye jina. Huenda ni safari: kuvuka kwenda Mokowe upande wa bara, basi la saa nyingi, kulala mbali ikiwa shule itashinda na kupanda ngazi za kaunti, kanda na taifa. Huenda ni mavazi. Huenda ni kuigiza na mvulana. Huenda ni midomo ya barazani. Baba wa msichana kuwa na hofu hizo si ushamba, na mimi sitamcheka. Ni haki yake kuuliza. Ila haki hiyo iende na wajibu wa kusikiliza majibu, na majibu hayako kwako. Yako kwa mwalimu.

Kwa hiyo omba mwalimu akutane nanyi wote wawili, siku ambayo mumeo yuko mjini. Si wewe uende umletee habari. Na maswali ayaulize yeye: nani mwalimu wa kike atakayesafiri nao, watalala wapi, binti atavaa nini akiwa jukwaani na kama ushungi utabaki, anaigiza nafasi gani na pamoja na nani, mazoezi yanakwisha saa ngapi. Aombe kusoma mchezo wenyewe. Mwalimu anayejua kazi yake hatakasirika. Na akiulizia masomo, mwalimu atamwambia: tamthilia hutahiniwa katika karatasi ya Fasihi ya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, na mtoto aliyeishika kwa mwili na sauti haisahau kama aliyeikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Kama tatizo litabaki kwenye nafasi ile moja, pana njia ya katikati. Katika mashindano yale hakuna tamthilia peke yake, kuna ushairi na masimulizi pia, na huko binti anaweza kusimama na maneno yake bila mambo yanayomtisha baba. Mwalimu anaweza kumhamisha.

Na akikataa baada ya kusikia yote? Basi mwaka huu hatakwenda, na wewe usimpeleke kwa siri. Najua hupendi kuliona neno hilo hapa. Lakini msichana wa haya aliyeanza kupata sauti hafai kuipata kwa kujificha, maana siku siri ikivuja ataona aibu kwa jambo lisilo na aibu, na hatarudi jukwaani tena. Abaki kwenye chama cha maigizo shuleni, afanye mazoezi na wenzake, na mwakani muulize tena, mtoto akiwa mkubwa zaidi na baba kashamjua mwalimu.

Lakini kabla hujafika huko, kuna jambo moja la kufanya Alhamisi hii baada ya chakula. Usimwambie mumeo lolote kuhusu jukwaa. Mwambie binti alete daftari, amsomee baba yake maneno yake yote, kwa sauti ile ile unayoisikia chumbani. Wewe toka, nenda kaoshe vyombo. Mwache baba amsikie. Kisha Ijumaa, baada ya swala, ndipo umwombe mwende kwa mwalimu.

Niandikie mkishaonana naye.

Somo